Nilivyolala Kwenye Mtihani wa Historia

Katika wilaya yetu yote, kuanzia kiwanda cha jibini hadi msitu unapoanza, hakuna binadamu anayenishinda kulala. Sijigambi, nataja tu kipaji. Nimelala king'ora cha kimbunga kikilia juu ya paa la shule. Nimelala kwenye fainali ya hoki ya barafuni, tena timu yetu ikiwa inafunga. Kwenye harusi ya dada yangu nililala nimesimama, pete zikiwa mfukoni mwangu, na picha zipo, mtu asibishe.

Kwa hiyo Mwalimu Stroik alipotangaza sharti lake, nilihisi kama mbingu imenifungukia na ndani yake kuna godoro.

Mwalimu Stroik alitufundisha historia ya nchi kwa kiwango cha chuo, sisi wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Masomo ya aina hiyo yana mtihani wake mwezi wa Mei, unaofanywa nchi nzima asubuhi moja, na alama zake ni moja hadi tano. Ukipata tatu na kuendelea, vyuo vingi vinakuhesabia kwamba somo hilo umeshalimaliza, unaingia chuoni umetangulia. Kuufanya si lazima. Na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ikifika Mei, ameshapata chuo, ameshanunua viatu vya mahafali, akilini ni kama ndama aliyesikia harufu ya majani mabichi baada ya miezi sita ya zizi. Ukimwambia habari ya mtihani wa hiari anakuangalia kwa huruma.

Mwalimu alilijua hilo, akatutegea mtego.

"Atakayekaa kwenye kiti cha mtihani wa Mei, kazi yangu ya mwisho nimemsamehe," alisema. "Asiyekaa, atavaa."

Kuvaa ndiko kulikokuwa kazi ya mwisho. Unavaa kama mtu wa zamani, kofia, ndevu za pamba na kila kitu, unapelekwa shule ya msingi kuwahutubia watoto wa darasa la nne saa nzima, na wao wanaruhusiwa kuuliza maswali. Mwaka uliotangulia jamaa mmoja alivaa kama jenerali, akang'atwa.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, ni kukaa tu?"

"Kukaa tu."

"Hata mtu akipitiwa na usingizi?"

Darasa likacheka. Mwalimu Stroik hakucheka, alifuta miwani yake kwa tai. "Ukilala ni hiari yako, Emmett. Mimi mle ndani sitakuwepo, sheria hainiruhusu kukanyaga. Usimamizi wanapewa wazee wastaafu wa hapa mjini."

Kengele ilipolia alinizuia mlangoni. "Wewe huu mtihani ukiamua kuufanya kweli, utauweza," alisema kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, usijisumbue na mimi," nikamjibu. "Kuna watu wanahitaji msaada wako kweli."

Sasa hapo ndipo niwaeleze jambo, vinginevyo mtaniona mjinga kuliko nilivyo.

Kitu nilikitaka. Chuo kilichonipokea kina kituo cha utafiti ndani ya msitu, kaskazini kabisa, ambako wanafunzi hukaa muhula mzima wa baridi wakifuata nyayo za mbwa mwitu kwenye theluji. Siku tuliyotembezwa chuoni, msichana mmoja mwenye matope hadi magotini aliniambia kwamba wa mwaka wa kwanza wanaweza kwenda, ila awe mtu aliyekwisha kuhesabiwa somo la historia, maana linafundishwa muhula huohuo na kila mgeni analazimishwa kulisoma. Akanionyesha kwenye simu yake alama ya mguu wa mbwa mwitu, na kando yake ameweka glavu yake ili ukubwa uonekane. Tangu siku hiyo mimi ukiniambia neno theluji naona mguu ule.

Basi ungedhani ningesema. Kwetu hatusemi. Kwetu mtu akitaka kitu kwa sauti, amekwisha. Utaulizwa habari zake kituo cha mafuta, utaulizwa kanisani, utaulizwa na anayekukata nywele, na ukikikosa utaulizwa miaka kumi mingine kwa sauti ya pole. Hata chakula hatukitaki. Jirani yetu Bi Arlys Tomczak, mjane, aliyekuwa mtunza maktaba wa shule hadi alipostaafu, akikukaribisha keki unasema hapana, nimeshiba. Akikukaribisha tena unasema usihangaike, Bi Arlys. Mara ya tatu unasema haya, kipande kidogo tu, nisikuudhi, halafu unakula nusu ya sinia. Anayekubali mara ya kwanza tunamhesabu kuwa ametoka Chicago.

Hivyo nilipoulizwa kama nitaufanya mtihani, nilisema nitalala. Nilisema mara ya kwanza, nikasema ya pili, na mara ya tatu hakuna aliyeniuliza. Huo ndio ubaya wa mambo yasiyo keki.

Aliyelishika wazo langu kwa mikono miwili ni rafiki yangu Kolten Brandvold. Kolten baada ya shule alikuwa anakwenda kufanya kazi ya kupanda nguzo za umeme na mjomba wake, mtihani haukumhusu hata chembe, ila ndevu za pamba alizikataa.

"Tulale wote," alisema tukiwa kantini. "Lakini tulale kwa heshima. Mimi nakuja na mto."

"Mto hawataruhusu, we Kolten," alisema Hadley Zielinski, ambaye huwa anajua kila kisichoruhusiwa. "Na nyie mkikoroma nitawaua. Mimi nafanya kweli."

Tukamtazama. Alikuwa amesema kitu anachokitaka, mchana kweupe, na viazi vya kukaanga mkononi.

"Unafanya kweli kwa sababu gani?" Kolten akauliza, kama anayemuuliza mgonjwa.

"Kwa sababu nataka alama tano. Niombe radhi?"

"Hapana, hapana, dada. Ni sawa tu. Kila mtu na maradhi yake."

Mimi nikacheka kupita wote. Ndiyo, nilicheka.

Tukakubaliana pia mzaha mmoja. Kwenye mtihani ule neno ulilolipitishia mstari halisahihishwi, msomaji anatakiwa alipite kama hakuliona. Kila mwaka kuna watoto wanaotumia mwanya huo kumwandikia msahihishaji upuuzi, kisha wanaupitishia mstari mmoja mwembamba ili ausome vizuri. Timu zetu zote za shule zinaitwa Makabichi, usiniulize, hapa ni nchi ya kabichi. Kwa hiyo darasa zima likaapa kuandika mahali fulani kwenye insha, "Chanzo halisi cha vita hii ni kabichi," na kulikata. Hadley alikataa kwanza, halafu akasema ataandika kwa herufi ndogo.

Asubuhi ya mtihani ilikuwa na jua zuri la kukasirisha. Meza zilikuwa zimepangwa kwenye ukumbi wa michezo, zote zinatazama mbele, na mahali pa kila mtu pamechaguliwa na shule. Kolten alipata meza ya mbele kabisa, chini ya kikapu cha mpira. Hadley katikati. Mimi nikapata ya mwisho nyuma, karibu na nyavu za voliboli zilizokunjwa, mahali ambapo mtu mwenye kipaji changu angeweza kukilea bila kumsumbua mtu. Simu zikakusanywa kwenye mfuko. Ule ulikuwa mwaka wa mwisho wa karatasi na kalamu kabla mtihani haujahamia kwenye kompyuta.

Na msimamizi, aliyesimama mbele na kijitabu cha maagizo, alikuwa Bi Arlys Tomczak, na sweta lake la rangi ya maziwa, na viatu vya soli laini kama paka. Ananijua tangu nikiwa na nepi, lakini alinisomea maagizo kama hajawahi kuniona. "Usifungue kijitabu mpaka uambiwe," alisema, akitutazama mmoja mmoja. Hata nukta alizisoma.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kuchagua herufi. Nilijaza weusi kwenye baadhi ya viduara vya majibu, mahali ambapo jibu lilikuwa linanikodolea macho na kuliacha kungekuwa utovu wa adabu. Halafu, baada ya mapumziko, zikaja insha. Mbele kule nilimwona Kolten amekwisha kulaza kichwa, mabega yanapanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa. Nikasema haya, zamu yangu. Nikaweka mkono mezani, nikaweka shavu juu ya mkono, nikafumba macho.

Usingizi haukuja.

Nilibadilisha shavu. Nikahesabu ng'ombe wa jirani. Nikakumbuka hotuba ya mchungaji wetu kuhusu paa la kanisa, ambayo imeshawalaza wanaume wenye nguvu kuliko mimi. Wapi. Nilikuwa macho kama bundi. Kipaji ambacho hakikushindwa na kimbunga kilinitoroka kwenye ukumbi wenye ukimya wa makaburi.

Nikafumbua jicho moja. Jicho likaangukia kwenye kijitabu, na kwenye kijitabu kulikuwa na tangazo la zamani.

Swali lilihusu misitu na walioikata, na chini yake kulikuwa na nyaraka za kusoma. Mojawapo ilikuwa tangazo la kampuni ya ardhi ya zaidi ya miaka mia moja iliyopita, likiwaita watu waje kaskazini kununua mashamba pale misonobari ilipokuwa imekatwa yote. Udongo mweusi, lilisema. Visiki vinang'oka vyenyewe. Mkulima mwenye bidii atakuwa tajiri.

Nikaketi wima.

Kwa sababu shamba hilo nalijua. Babu wa babu yangu alisoma maneno ya namna hiyo akiwa ng'ambo ya bahari, akayaamini, akaja. Hakukuta udongo mweusi, alikuta visiki vinene kama meza za karamu na chini yake mawe. Mawe hayo hadi leo tunayaokota sisi. Kila majira ya kuchipua baridi inayasukuma juu, na ukoo mzima unatoka kuyapakia kwenye tela, na kila mwaka mjomba anasema mwaka huu yamepungua, na kila mwaka ni uongo. Nina kovu kwenye kidole cha mguu kutoka kwa jiwe ambalo kampuni ile ilisema halipo.

Nilidhani nitaandika sentensi moja tu, ya kumjibu mwandishi wa tangazo, ashike adabu. Sentensi ikaita mwenzake. Nikaandika kwamba waraka wa pili unasema serikali ilianza kuihifadhi misitu, lakini msitu uliohifadhiwa ni ule ambao hakuna mtu aliyeweza kuuuza tena, na nikaonyesha ni mstari gani. Nikauliza wenyeji walioishi humo kabla ya wote hao wako wapi kwenye tangazo. Nikaandika kuhusu wanyama walioondoka na misonobari, na kuhusu mmoja ambaye sasa anarudi kwa miguu yake mwenyewe, usiku, bila tangazo. Kalamu ilikuwa inakimbia, mimi nahema nyuma yake.

Kurasa zikaisha. Nikanyoosha mkono. Bi Arlys akaja na soli zake za paka, akaangalia nilipofika, akaniletea karatasi nyingine bila kukunja uso. Nikakumbuka kiapo chetu, nikaandika habari ya kabichi haraka nikaipitishia mstari, kisha nikaendelea, maana insha ya pili ilikuwa inaningoja. Nayo nikaila. Kilichofuata hakina maana. Muda ukaisha, vijitabu vikakusanywa, tukaenda zetu.

Kabla ya kutoka nje nilipita chooni. Nilibana shavu langu kwenye zipu ya begi mpaka likapata alama nzuri ya mtu aliyelala juu ya kitu. Nikavuruga nywele. Nikatoka uwanja wa magari nikipiga miayo.

Kolten alikuwa amekaa nyuma ya pikapu yake, na yeye ana alama, ila yake ya kweli. "Vipi, mwanangu?"

"Niamshe mahafali yakifika."

"Wewe," alisema kwa heshima, akilitazama shavu langu. "Wewe ulizama kabisa. Mimi niliamka kidogo kwenye insha, shingo ikaniuma."

"Ni uzoefu, kaka. Shingo unailegeza kutoka hapa chini."

Hadley akapita, vidole vyake vina wino. "Umepoteza asubuhi nzima, Emmett."

"Nimeipoteza kwa amani."

Akaniangalia mkono. Nikautia mfukoni.

Mji wetu ni mdogo na Mei haina habari nyingine. Kufikia wiki iliyofuata, kwa maneno ya watu nilikuwa nimelala saa tatu nzima. Wiki iliyofuata tena, nilikuwa nimekoroma hadi mbwa wa mlinzi akabweka. Kwenye kituo cha mafuta mzee mmoja alinilipia kahawa, akasema vijana wa siku hizi hawana msimamo lakini wewe unao. Mimi nikawa naongeza chumvi kidogo kila niliposimulia, maana hadithi ni kama supu, ukiirudia bila kuongeza kitu watu wanaona.

Mtu mmoja tu hakuifurahia. Mwalimu Stroik alikuwa ananipita kwenye korido akisema "Habari, Emmett," kwa namna ya mtu anayemsalimia mgonjwa kitandani. Siku moja nusura nimwambie. Nikafungua mdomo, nikaona nitaulizwa kwa nini, na swali hilo lingenipeleka kwa mbwa mwitu, na majibu ya mtihani hayatoki mpaka Julai. Na kama nimepata alama mbili? Nikamwuliza habari za bustani yake.

Karamu yangu ya kumaliza shule ilifanyika Jumamosi ya kwanza ya Juni, kwenye banda letu la magari, kama zinavyofanyika zote. Baba alikuwa ameosha sakafu, ametundika shuka kuficha zana. Kulikuwa na mikate ya hemu ya nguruwe, maharagwe matamu, na picha zangu zote za aibu zimebandikwa kwenye ubao. Mama alikuwa na kisu juu ya keki kubwa yenye jina langu, anasubiri watu watosheke na hemu. Nusu ya mji walikuwepo. Mwalimu Stroik alikuja, akanipa mkono, akachukua sahani, akasimama karibu na jokofu la samaki. Bi Arlys alikuja na vipande vyake vya keki ya rubabi, yale mabua machachu ya bustanini, akakaa kwenye kiti cha kukunja, sweta lake la rangi ya maziwa mabegani.

"Karibu keki, Kolten," alisema.

"Hapana, Bi Arlys, nimeshiba."

"Karibu."

"Usihangaike, Bi Arlys."

Na Kolten, mdomo ukiwa hauna kazi kwa sasa, akapaza sauti: "Emmett, watu hawa hawajasikia ya usingizi. Wape yote."

Nikawapa yote. Nilikuwa na hadhira, nilikuwa na glasi ya maji baridi ya limau mkononi. Niliwalazia kichwa hewani kuwaonyesha shingo ilivyopinda. Niliwaeleza ndoto niliyoota, ambayo ilikuwa na boti na kasisi. Niliwaambia nilikoroma mpaka wavu wa voliboli ukatikisika. Baba alikuwa anacheka huku anatikisa kichwa kwa aibu, mzee wa kituo cha mafuta anajipangusa machozi, na Mwalimu Stroik anatazama sahani yake. Hapo nilipaswa kuishia. Nikaongeza chumvi.

"Mwisho wa mtihani," nikasema, "nilikuwa nimezama kiasi kwamba Bi Arlys alilazimika kunitikisa. Mara mbili. Si kweli, Bi Arlys?"

Nilitegemea maadili yake. Wasimamizi hawaruhusiwi kusema lolote la mtihani.

Bi Arlys akapangusa vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Yaliyoandikwa siwezi kuyasema," alisema. "Nimeapa."

"Mnaona?" nikasema.

"Lakini kukutikisa sikukutikisa, mwanangu. Usinizulie. Niliwaambia wekeni kalamu chini, na wote wakaweka, hata huyu Kolten ambaye yake alikuwa hajaichukua. Wewe ukakataa kuiachia." Alivua sweta begani, akageuza mkono wa sweta ili banda zima lione. Kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kifungo kulikuwa na mstari mrefu wa wino mweusi. "Hakuandika neno baada ya muda, hilo naapa. Alikuwa ameing'ang'ania tu. Tulivutana kama watoto na mwanasesere. Nimefua kwa siki, nimefua kwa chumvi."

Kolten alikuwa ananiangalia kama mtu aliyegundua mbwa wake anaweza kusoma. "Emmett. Uliandika?"

"Kidogo tu," nikasema.

"Karatasi za nyongeza mara mbili," alisema Bi Arlys.

Karibu na jokofu la samaki, Mwalimu Stroik aliweka sahani yake chini taratibu sana. Hadley akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa anangoja. Nami nilikuwa tayari natafuta namna ya kuligeuza hili, nina hakika ningeipata, nilikuwa nimeshafungua mdomo, ila Bi Arlys hakuwa amemaliza.

"Na uliniambia tafadhali," alisema, sasa kwa upole, kama ananikaribisha mara ya tatu. "Umeishika kalamu hivi, machozi yanakulengalenga. Ulisema, 'Tafadhali, Bi Arlys, sentensi moja, nataka sana kwenda kule kwa mbwa mwitu.'"

Mama akashusha kisu.

"Mbwa mwitu gani, Emmett?" akauliza.